Straton Mbele ya Lango la Baba Mkwe

Tulimwacha Straton anakimbia, na hajasimama bado.

Mpira uko mguuni mwake. Beki wa mwisho wa Kalembe ameteleza katika matope na yuko nyuma, ameshika majani kwa mikono miwili. Mbele kuna lango la miti ya mikaratusi, na langoni kuna golikipa mmoja tu, mwenye kofia ya askari iliyoshuka mpaka kwenye nyusi. Huyo golikipa hakuna mtu wa Muheto aliyemtambua. Kalembe walifika naye jana, na tangu mchezo uanze alikuwa akigeuza uso kila mara mtu alipomkaribia.

Upepo wa kilima cha Muheto ukaiondoa ile kofia.

Straton akaona uso. Ulikuwa uso wa Kanyamibwa, baba yake Drocella, mchumba wake!

Ninyi mliozaliwa mjini, subirini niwaambie neno moja, kisha tutakimbia tena. Katika milima yetu ya Masisi, zamani zile za mwaka wa hamsini na tatu, kijana aliyechumbia hakusimama njia moja na baba wa mchumba wake. Alitoka njiani. Alivua kofia, akainamisha kichwa, akaangalia majani mpaka mzee apite. Hakuna aliyelifikiri jambo hilo kwanza. Mwili ulilifanya wenyewe, kama jicho linavyojifumba vumbi likija.

Mwili wa Straton ukalifanya.

Akaruka pembeni. Akavua bereti. Akainamisha kichwa.

"Jambo, Papa," akasema.

Mpira, ambao haukuwa umechumbia binti ya mtu, ukaendelea na safari yake pole pole mpaka mikononi mwa Kanyamibwa.

"Jambo, mwanangu," Kanyamibwa akajibu, na hapo hapo akaupiga mpira juu kwa nguvu zake zote.

Mpira ule ulivuka nusu ya uwanja. Watu wa Muheto walikuwa bado wamefungua vinywa, wanamwangalia Straton na bereti yake mkononi. Walipogeuka, mshambuliaji wa Kalembe alikuwa peke yake upande wa pili.

Goli!

Frère, yaani bruda wa misioni, aliyekuwa mwamuzi, akapuliza filimbi ya mapumziko. Kalembe moja, Muheto bure. Na hii ilikuwa mechi ya mwisho ya mwaka. Muheto walikuwa wametangulia tangu mvua za kwanza, na siku hiyo hata sare ingewatosha kuchukua kikombe.

Straton alirudi kwa wenzake kama mtu anayekwenda mahakamani.

Kapiteni wao aliitwa Athanase, fundi seremala, mtu mwenye sauti ya chini. Akikasirika, sauti ilizidi kushuka.

"Straton, kaka yangu," akasema, "unieleze pole pole. Ulisalimia golikipa?"

"Njo baba ya Drocella, ni yeye."

Mmoja akacheka, na wengine wakamfuata, mpaka wakaona Athanase hacheki.

"Kanyamibwa? Ule muzee hakucheza mupira tangu alitoka mu jeshi!"

"Njo yeye mwenyewe."

"Na leo akakumbuka. Leo!"

Damien, beki wa kushoto, akatema mate. "Banamuleta juu yako, Straton. Banajua weye ukiona mukwe unakuwa sawa mbuzi mu mvua."

"Basi munitoe," Straton akasema. "Mwingine aingie."

"Mwingine wapi?"

Kweli, wapi? Zamani zile hakukuwa na mchezaji wa kubadilisha. Kumi na mmoja walioanza ndio waliomaliza, hata kama mmoja alivunjika mguu. Straton hakuwa amevunjika mguu. Angekuwa na bahati!

Athanase akamshika bega, akamgeuza aangalie juu ya kilima.

"Unaona nini kule?"

Pale juu ya uwanja, ilionekana nyumba mpya. Majani ya paa yalikuwa bado na rangi ya dhahabu.

"Ni nyumba yangu," Straton akasema.

"Nani alikata miti?"

"Ni ninyi."

"Nani alitoa majani kule bondeni, kichwani, na mvua inamupiga?"

"Ni ninyi, Athanase."

Ndivyo ilivyokuwa. Ekipe, yaani timu, ya Muheto haikuwa ya kucheza tu. Walilimiana mashamba ya maharagwe na mihogo kwa zamu, ili siku ya mechi mtu asibaki nyuma kwa sababu ya jembe. Na kijana akitaka kuoa, wote walimjengea. Nyumba ya Straton na Drocella waliimaliza juma lililopita, ikabaki kukandika udongo ukuta mmoja.

"Sasa sikia," Athanase akasema, na sauti yake ikashuka mpaka ikakaribia kupotea. "Tukipoteza leo juu ya salamu zako, tukitoka hapa tunapanda kule. Majani yetu tunashusha. Miti yetu tunabeba. Utaoa ndani ya ukungu."

"Na nikimwangusha muzee?"

"Ile iko shauri yako na mama ya Drocella."

Safari hii walicheka wote, ila Straton. Alikuwa amemwona Drocella upande wa pili wa kamba, katikati ya shangazi zake wa Kalembe, na Drocella naye hakuwa akicheka.

Basi akaingia Mzee Nzabandora. Huyu alikuwa baba mdogo wa Straton, na zaidi ya hayo alikuwa msemaji wa ndoa. Yeye ndiye aliyekwenda Kalembe kumwomba Drocella, yeye ndiye aliyempeleka ng'ombe wa uchumba. Kati ya nyumba zile mbili hakuna neno lililopita pasipo kinywa chake.

"Munyamaze," akasema. "Mambo ya mukwe hayaulizwi kwa mguu, yanaulizwa kwa mudomo. Nitaenda kumuomba Kanyamibwa ruhusa."

Akashika fimbo yake, akauzunguka uwanja. Straton akamfuata kwa macho.

Upande wa Kalembe, Kanyamibwa alikuwa ameketi juu ya jiwe, mikono imejaa matope. Na kando yake alisimama kijana mmoja mwenye viatu vyeupe na suruali iliyokunjwa. Huyo mumjue vizuri. Aliitwa Honoré, karani wa shamba kubwa la kahawa, na yeye ndiye aliyekuwa prezida wa ekipe ya Kalembe. Hakuwa amegusa mpira maisha yake yote.

Nzabandora akainama. Wakasemezana. Akarudi, na uso wake haukuwa na habari njema.

"Amesema nini, Papa?"

"Alisema hivi: mukwe wangu apige, sitakasirika, mupira njo mupira. Lakini mupira ukinigusa mwili, ata kidole, ni mukono yake imenipiga. Na mutoto mwenye kupiga baba mukwe, hakuna ndoa."

Athanase akapiga mluzi. "Na yeye kazi yake ni kugusa mupira!"

"Kanyamibwa alisema hayo yeye mwenyewe?" Straton akauliza.

Mzee akakuna kidevu. "Mudomo ulikuwa ya Kanyamibwa. Lakini Honoré alikuwa anatangulia neno moja moja, sawa mwalimu wa katekisimu."

Filimbi ikalia.

Wasomaji, nimeona mechi nyingi katika maisha yangu. Kipindi cha pili kama kile sijaona tena. Golikipa wa Kalembe aliliacha lango lake, akaanza kutembea!

Alitembea tu, mikono nyuma, kama mzee anayekagua mihogo yake. Alikwenda pale alipokuwa Straton. Straton akatoka njiani. Kanyamibwa akageuka, akamfuata tena. Straton akarudi nyuma, akarudi nyuma, mpaka mshambuliaji wa kwanza wa Muheto akajikuta karibu na lango la Muheto.

"Mukwe! Toka njiani!" wanawake wa Kalembe wakapiga kelele.

"Muletee muzee kiti!"

"Straton, umubebee basi ule mupira, umufikishe nyumbani!"

"Rudi mbele!" Athanase akanguruma. "Lango haina mutu! Rudi mbele!"

Lakini kila mara Muheto walipopata mpira, Kanyamibwa alikimbia kurudi langoni mbio za askari, mikono na miguu imetanuka. Straton akipata nafasi alimpa Damien. Damien akapiga, mpira ukaenda kwenye shamba la maharagwe la misioni, nyuma ya lango. Akampa Athanase. Athanase akapiga, mlingoti ukatetemeka. Alijaribu mwenyewe mara moja, kutoka mbali, lakini alipoinua mguu aliviona vidole vya baba yake Drocella, na mguu ukapinda. Mpira ukaenda juu, karibu na moshi wa jikoni za misioni.

"Ameuza mechi!" mtu mmoja wa Muheto akasema nyuma ya kamba. Mwingine akalirudia. Neno likatembea kandokando ya uwanja kama moto katika majani makavu, na Straton alilisikia likimzunguka.

Mpira ukatoka nje upande wa barabara. Straton akaenda kuurusha. Pale kwenye kamba alikuwa Dancille, dada yake, amefika kwa mbio, kitambaa cha kichwa mkononi.

"Kaka! Kaka, sikia. Drocella alinituma."

"Sema mbio."

"Honoré anamutaka. Alifika kwao, akakaa, akakunywa pombe, na baba yake alimupenda. Karani! Viatu vyeupe! Lakini muzee hana sababu ya kukukataa weye. Anatafuta sababu, kaka. Njo maana aliingia mu lango."

Straton alisahau kuwa ameshika mpira. "Na yeye Drocella anasema nini?"

"Anasema usimupe sababu."

"Rusha, Straton!" Frère akapaza sauti. "Unangoja nini? Rusha!"

Akarusha. Na sasa alielewa yote, na kuelewa hakukumsaidia kitu. Akipiga, atampa mzee sababu. Asipopiga, kilima kizima kitapanda juu kuibomoa nyumba, na mtu asiye na nyumba hapewi mke. Huku ukuta, huku ukuta, na kamba ya uwanja imezunguka pande zote.

Mwisho ulikuwa umekaribia. Ukungu ulianza kushuka kutoka juu. Damien akapiga mpira mrefu, bila kuangalia, na beki wa Kalembe, yule yule aliyeteleza mwanzoni, akateleza tena mbele ya lango lake. Alipokuwa akianguka alinyosha mikono ajizuie. Mikono ikaukuta mpira, ikaukumbatia.

Filimbi!

Frère akanyosha kidole chini. Penalti!

Muheto wakaruka. Kalembe wakamzunguka Frère, wakaapa kwa mama zao kwamba mpira ndio uliomwendea mtu. Frère akakataa kusikia. Na katikati ya kelele zile, Athanase akauchukua mpira, akaufuta matope kwa shati lake, akamwekea Straton kifuani.

"Piga weye."

"Athanase, nakuomba. Upige weye mwenyewe. Ao Damien."

"Damien alipiga maharagwe leo kuliko bibi yake. Mwaka huu penalti zote ni weye ulipiga, na hakuna moja ilipotea. Na tena, kilima kizima kinasema uliuza mechi. Mi sitaki kuamini. Basi kionyeshe uko upande gani."

Straton akauweka mpira chini. Ulikuwa mzito, umekunywa maji ya siku nzima.

Akainua macho kidogo tu, kwa kuiba. Nimewaona makipa wanaotaka kuzuia mpira: hujikunja, hungoja. Kanyamibwa hakujikunja. Alisimama katikati, wima, mikono imefunguka, vidole vimetanuka, kama mtu anayetamani kupigwa. Nyuma ya lango, Honoré alikuwa amesogea mpaka karibu na mlingoti, na moshi wa sigara yake ulitoka katika ukungu.

"Mwanangu," Kanyamibwa akaita kwa sauti ya upole, ili wote wasikie, "piga tu. Usiogope."

Straton alitazama majani. Kati ya mkono wa kushoto wa mzee na mlingoti aliona nafasi. Haikuwa kubwa. Kwa mtu mwenye nguvu ya miguu na moyo uliotulia ingetosha. Miguu alikuwa nayo.

Akarudi nyuma. Akakimbia, kichwa kimeinama, macho yameshika majani. Akapiga.

Kanyamibwa akaruka! Aliruka kweli, mzee yule, mwili mzima hewani, vidole vinautafuta mpira kama mtu anayetafuta kamba mtoni. Straton aliviona vidole, aliuona mpira, aliona na mwanga mwembamba katikati. Mpira ukapita. Ukaukwangua mlingoti kwa ndani, ukaenda kulala katika maharagwe ya misioni.

Haukumgusa.

"Goli!" Frère akasema.

Watu walikwenda kuutafuta mpira, na kabla hawajaupata filimbi ya mwisho ikalia. Kalembe moja, Muheto moja. Kikombe cha Muheto! Straton alipiga magoti katika matope. Mke alikuwa amebaki. Nyumba ilikuwa imebaki. Alitaka kucheka, lakini kilichomtoka ni machozi.

"Imemugusa!"

Ilikuwa sauti ya Honoré.

"Imemugusa! Nilikuwa hapa karibu. Kidole, mbele ya macho yangu!"

Kelele zikakatika. Frère akashangaa. "Imegusa, haikugusa, iko sawa tu. Goli ni goli!"

"Hatuulize goli, Frère," Mzee Nzabandora akasema, na alikuwa ameingia uwanjani na fimbo yake. "Goli tunaliona. Tunauliza kama ilimugusa." Akamgeukia yule aliyelala chini. "Kanyamibwa. Weye njo baba. Sema."

Kanyamibwa akasimama pole pole. Mikono yake ilikuwa imejaa matope ya mchezo mzima, haikuweza kushuhudia lolote. Akamwangalia Honoré. Akamtafuta binti yake kati ya watu, akamwona, na akamwangalia kwa muda mrefu kuliko alivyomwangalia Honoré.

"Papa," Straton akasema kutoka chini, "unajua haikukugusa."

Mzee akainamisha macho.

"Imenigusa," akasema.

Drocella akapiga ukelele.

Lakini Muheto hawakusikia, au hawakutaka kusikia. Wao walikuwa na kikombe! Athanase alimwinua Straton kama mfuko wa maharagwe, Damien akashika mguu wa pili, na kabla Straton hajasema neno alikuwa juu ya mabega. Ngoma ikalia. Wakaanza kupanda kilima, wanamwimbia, wanampeleka kwenye nyumba yake mpya.

"Munishushe!"

"Anaona haya!" Damien akacheka.

"Athanase, munishushe! Anasema uongo! Banamutwala Drocella, banamuchukua!"

"Kesho utalia juu ya wanawake. Leo uko wetu!"

Wakamshika miguu kwa nguvu zaidi. Alipiga mabega yao kwa ngumi, nao wakadhani anafuata ngoma. Kila hatua ilimwinua juu zaidi na kumpeleka mbali zaidi. Akajigeuza kiunoni, akaangalia nyuma, juu ya vichwa vyote. Na kwa kuwa alikuwa juu, yeye peke yake aliona kilichokuwa kinatoka nyuma ya kanisa.

Mchunga mifugo wa Honoré alikuwa anavuta ng'ombe.

Ng'ombe mwekundu, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Straton alimjua tangu akiwa ndama. Alikuwa ng'ombe wake mwenyewe, yule wa uchumba!

Baridi ikamwingia. Kutoka Kalembe mpaka Muheto ng'ombe anatembea siku nzima na zaidi. Basi walikuwa wamekuja naye jana. Walimfunga kamba kabla ya penalti, kabla ya filimbi ya kwanza, kabla Kanyamibwa hajavaa ile kofia. Hata kama Straton angepiga mpira juu ya mawingu, ng'ombe yule alikuwa amekwisha kufika.

Kwetu uchumba hauvunjwi kwa maneno. Wazee wanaweza kugombana kutwa nzima, wakalala, wakapatana. Unavunjika wakati mmoja tu: msemaji wa kijana anapoipokea kamba mkononi mwake, mbele ya watu. Akiishika, imekwisha. Hakuna padri wala chifu atakayeirudisha.

Honoré aliichukua kamba kwa yule mchunga mifugo. Akampa Kanyamibwa. Kanyamibwa akamnyoshea Nzabandora. Drocella alikuwa anawania kuwafikia, na shangazi zake wawili wamemning'inia mikononi.

"Papa!" Straton akalia kutoka juu ya mabega. "Papa Nzabandora! Usishike! Usishike kamba!"

Ngoma ilikuwa karibu na masikio yake. Kule chini ilikuwa mbali.

Mzee Nzabandora aliitazama kamba. Alimtazama ng'ombe, kisha akamtazama Honoré, na Honoré akamwinamia sikioni, akamwambia jambo.

Na mzee akaitoa fimbo yake mkono wa kuume, akaihamishia wa kushoto, na ule wa kuume ukabaki mtupu mbele ya kamba.